Pombe ya Kutafuna

Nilifika kambi ya wakimbizi ya Nakivale kwa njia ambayo mtu mwenye haraka hawezi kuichagua. Kutoka Uvira, watu wa kwetu wakitaka kwenda Uganda hupanda kaskazini, wakavuka mpaka, wakafika baada ya siku chache. Mimi nilianza kwa kwenda mashariki, Bujumbura, kwa sababu asubuhi ile kulikuwa na lori linaloondoka na lilikuwa na nafasi moja. Bujumbura nikakaa mwaka na kitu. Nikashuka Kigoma, nikafanya kazi kwenye tanuri la mikate, kukanda unga tangu alfajiri hadi vidole vinakataa kukunjika. Kigoma ikanichosha nikaenda Mwanza, Mwanza nikaenda Bukoba, na siku moja Bukoba nikasikia mtu kwenye simu akitaja jina la kijiji ndani ya kambi ambako dada yangu mkubwa alikuwa akiishi. Nikapanda gari hadi Mutukula, nikavuka, nikalala Mbarara kituoni juu ya begi langu, na kesho yake nikapanda gari la Isingiro. Safari ya siku chache ilikuwa imenichukua miaka sita.

Katika miji yote hiyo sikumuaga mtu. Uvira tuliondoka tukikimbia, hapakuwa na nafasi ya kuaga, na nadhani tabia ile ilinishika hapo. Kigoma tajiri wangu wa tanuri alinikuta sipo, aproni yangu imening'inia kwenye msumari. Alikuwa mtu mwema. Mpaka leo nikikumbuka msumari ule naona aibu.

Kabazana, kwenye kituo cha kambi cha kupokea wageni, waliandika jina langu, wakachukua alama za vidole, nikakaa wiki tatu nikila uji na maharage na watu wa kila lugha. Dada yangu alikuja kunitoa hapo. Kwetu dada mkubwa huitwa yaya, kaka mkubwa naye pia yaya. Alikuja na kitambaa cha kanisa kichwani, akanitazama kuanzia viatu kwenda juu.

"We naye," akasema. "Dunia yote umeizunguka, njo unakuja kumalizia ku mulango yangu?"

Kisha akalia kidogo, akapangusa macho, akanibebesha mfuko wake.

Nyumba yake ilikuwa ya udongo na mabati, imekaa vizuri, na shamba la mahindi na maharage nyuma. Siku ya kwanza nikachukua madumu mawili nimsaidie kuchota maji. Bomba lilionekana pale mlangoni, chini ya mteremko, mwendo wa kuimba wimbo mmoja. Nikashika njia iliyokuwa wazi mbele yangu.

"Apana, si uko," yaya akaniita. "Sisi tunapita uku."

Huku ilikuwa kuzunguka mashamba manne, kupita nyuma ya kanisa, kushuka korongo na kupanda tena. Yaya alikuwa na goti bovu tangu siku za kukimbia. Nilimwona akipanda lile korongo na dumu kichwani, anasimama, anapumua, anajifanya anatazama mahindi ya watu.

"Ile njia fupi ina nini?"

"Inapita mu lupango ya ule mama Murundi. Hatusalimiane." Lupango kwetu ni uwanja wa nyumba ya mtu.

"Kwa nini?"

Akaendelea kupanda mpaka tukafika nyumbani. Alipotua dumu ndipo akasema, bila kunitazama: "Ni juu ya kuku."

Habari yenyewe nilikuja kuipata kipande kipande. Yaya alipopewa kiwanja kile, miaka miwili kabla yangu, jirani yake wa kwanza kumkaribisha alikuwa huyo mama, mjane Mkatoliki kutoka Ruyigi, mtu mzima ambaye watoto wote wa kijiji walimwita koko, bibi. Alimletea kibuyu cha impeke, pombe ya mtama ya kwao. Kwa Warundi pombe ndiyo salamu. Mwenyeji huionja mbele yako uone kwamba haina ubaya, kisha anakupa, na ukinywa mmekuwa majirani. Yaya ni mwimbaji wa kwaya katika kanisa letu, na kanisa letu halitaki pombe hata ya kunusa. Alipokea kibuyu, akashukuru vizuri, na yule mama alipogeuka tu, yaya akaimwaga kwenye shimo la takataka.

Kuku wa koko waliingia shimoni. Wakala yale machicha ya mtama mpaka wakashiba. Mchana wakarudi kwa mwenyewe wakipepesuka, jogoo akilala ubavu katikati ya uwanja na kuwika akiwa amelala. Koko hakuhitaji kuambiwa na mtu. Kuku wake mwenyewe ndio waliompelekea habari. Tangu siku hiyo uwanja wake ukawa hauna njia kwa watu wa nyumba yetu.

Siku ya nne baada ya mimi kufika, yaya akiwa kwenye mazoezi ya kwaya, koko akasimama mpakani mwa shamba. Mwanamke mfupi, mweusi, amejifunga kitenge kifuani, kibuyu mkononi. Hakuvuka.

"Wewe ndiye mdogo wake?"

"Ndiyo, koko."

"Wanasema umetoka mbali."

"Nimetoka mbali, ndiyo."

Akanitazama. Akainua kibuyu, akavuta funda moja kwa mrija, akameza, akanyoosha mkono juu ya mstari wa mihogo uliokuwa mpaka wetu.

"Dada yako alilisha kuku wangu. Wewe utalisha nani?"

Nilipokea kwa mikono miwili. Sijui kwa nini nilipokea. Nilijua siwezi kunywa, maana yaya alikuwa ameniambia mapema kwamba siku atakayosikia harufu ya pombe mdomoni mwangu ndiyo siku nitakayorudi Kabazana. Lakini nilijua pia kwamba nikikataa, goti la yaya litapanda lile korongo mpaka atakapozeeka. Nikasema asante, nitarudisha kibuyu mwenyewe. Koko akasema "Ego", ndiyo kwa Kirundi, akaondoka bila kugeuka.

Yaya aliporudi akakiona kibuyu kizingitini.

"Iyo kitu inafanya nini apa?"

"Koko ameniletea."

"Umekunywa?"

"Sijakunywa."

"Basi imwange. Lakini mbali! Sitaki tena kuku mu kesi."

"Sitaimwaga, yaya."

"Utaifanya nini sasa? Utaichunga kama mbuzi?"

Nilikaa nayo uwanjani, nikachungulia. Ilikuwa nzito, rangi ya udongo, na juu povu lilikuwa linapanda na kupasuka, linapanda na kupasuka. Harufu yake ikanipeleka moja kwa moja Kigoma. Kwenye lile tanuri tulikuwa na ndoo ya hamira ya kuweka, unga na maji vilivyoachwa vichachuke, na alfajiri ukifunua kifuniko ilikuwa inapumua hivihivi, yenye harufu hiihii ya uchachu na nafaka. Tajiri wangu alikuwa akisema ndoo ile ni mfanyakazi wake wa kwanza, mimi ni wa pili. Nikacheka peke yangu pale uwanjani. Kitu nilichopewa kilikuwa mfanyakazi.

Nilikwenda sokoni nikanunua unga wa ngano kilo mbili. Nikachekecha kwenye beseni, nikatia chumvi na sukari kiasi, nikachuja ile impeke kwa kitambaa safi, nikaimimina katikati ya unga kidogo kidogo. Sikutia maji wala hamira. Nikakanda mpaka donge likaacha kushika vidole, nikalifunika, nikaliweka kwenye jua karibu na ukuta. Nilikuwa nimezoea hamira ya ndoo ya Kigoma inayoumua kwa saa chache. Hii ilichukua tangu asubuhi hadi alasiri, polepole, kama mzee anayeinuka kutoka kwenye kiti. Lakini iliinuka.

Tanuri hatukuwa nalo. Nikachukua sufuria kubwa ya yaya ya kupikia sherehe za kanisa, nikamwaga mchanga mkavu chini, nikaweka ndani yake sufuria ndogo niliyoipaka mafuta, na donge ndani. Makaa chini, makaa juu ya kifuniko. Kazi yote iko kwenye makaa ya juu. Ya chini yakizidi, mkate unaungua tumbo na kichwa kinabaki kibichi, kwa hiyo huku chini unaweka machache, juu unaweka mengi, na unakaa hapo, huendi popote. Kwa mtu wa aina yangu kukaa mahali pamoja saa nzima nikitazama kifuniko ilikuwa kazi ngumu kuliko kukanda.

Ulitoka na ganda la kahawia lililopasuka katikati. Ndani ulikuwa mzito, unyevu kidogo, wenye vidoa vya mtama na uchachu mdogo unaokuja mwishoni, ukishameza. Sijawahi kula mkate wa namna ile Kigoma wala Bujumbura.

Yaya alirudi akifuata harufu. Akakata kipande kabla ya kuvua kitambaa kichwani. Akakata cha pili. Cha tatu akakipaka chumvi.

"Levire ulitoa wapi?" Alikuwa na maana ya hamira.

"Koko alinipa."

Mkono wake ukasimama hewani na kile kipande. Akatazama kibuyu kilichokuwa kimeinamishwa kukauka. Akanitazama mimi.

"Unanilisha pombe, mimi mama wa kwaya?"

"Ni mkate, yaya."

"Nitalewa?"

"Moto umekula pombe yote."

"Una hakika?"

"Kigoma tuliwalisha mashehe mikate yenye hamira, hakuna aliyelewa."

Nilikuwa naona kabisa kanisa likipita mbele ya macho yake, benchi moja baada ya jingine. Mwishowe akasema, "Bwana Yesu alisema juu ya kikombe, hakusema juu ya ganda," akatia kipande mdomoni. Sidhani kama maneno hayo yanapatikana mahali popote, lakini alivyoyasema yalikuwa na uzito wa andiko.

Kibuyu hakirudishwi kitupu, hilo hata kwetu tunalijua. Nikakiosha, nikafunga nusu ya mkate kwenye kitambaa, nikapita ile njia fupi kwa mara ya kwanza. Koko alikuwa anapepeta mtama. Kuku wakanitazama bila kisirani.

Alifungua kitambaa, akaumega mkate, akanusa. Akanusa tena. Uso wake ukabadilika kama mtu aliyesikia sauti anayoijua kwenye chumba cha watu asiowajua.

"Hii ni impeke yangu."

"Ni yenyewe, koko."

"Hukuinywa."

"Siwezi kuinywa. Lakini nimeila yote."

Akatafuna. Akaanza kucheka tumboni, bila sauti, mpaka ungo ukawa unatikisika mapajani. "Yoo! Pombe ya kutafuna! Nimeishi miaka yote hii sijaona Mkongomani mjanja hivi." Kisha akaacha kucheka. "Na yule dada yako?"

"Amekula vipande vitatu."

"Akijua?"

"Viwili bila kujua. Cha tatu akijua."

Akahesabu jambo hilo moyoni, kile kimoja dhidi ya vile viwili. Akaingia ndani, akatoka na sahani ya maharage mabichi, akafunika kwa kile kitambaa changu. "Sahani hii ataileta mwenyewe," akasema. "Si wewe."

Sahani ilikaa kwetu siku tatu. Yaya aliizunguka kama inavyozungukwa barua ya serikali. Siku ya kwanza alisema ana kwaya. Siku ya pili goti. Siku ya tatu alipika yale maharage, tukala, sahani ikabaki tupu na safi katikati ya meza, na sahani tupu hairudi.

"Nitaipeleka na nini?" akaniuliza.

"Na mkate."

"Sina levire."

"Anayo yeye."

Akanitukana, akatukana na Kigoma, akachukua sahani na unga kilo moja juu yake, akatoka. Nilisimama mlangoni. Alifika mpakani, akasimama pale kwenye mihogo, na kwa mbali nikamsikia akipaza ile sauti yake ya kwaya: "Koko! Nilikosa! Lakini kuku pia walikosa!" Sikusikia alichojibiwa. Nilichoona ni kwamba alivuka. Jioni ile alirudi na maji kwa njia fupi, dumu kichwani, hajasimama hata mara moja kutazama mahindi ya mtu.

Baada ya hapo kila wiki koko alikuwa anatenga kibuyu kimoja kwa ajili ya mkate. Nilimfundisha yaya kupanga makaa. Wakati wa mchana mmoja mrefu koko alinieleza neno la kwao ambalo sijawahi kulisahau. Mgeni akitaka kuondoka, mwenyeji humpa kinywaji cha mwisho, akisimama, na kinywaji hicho kinaitwa agashinguracumu, kang'oa-mkuki. Zamani mgeni alikuwa akichomeka mkuki wake uwanjani anapofika, na hawezi kuung'oa kabla ya kunywa hicho.

"Na akiondoka bila kunywa?"

"Mkuki wake unabaki umesimama kwa watu," akasema koko. "Anatembea mikono mitupu, hajui amepoteza nini."

Nilimfikiria yule tajiri wa Kigoma na msumari wake.

Mwaka wa pili miguu ikaanza kuniwasha. Nikapata kibarua Mbarara, kwenye duka la mikate na keki, nikapanga chumba Kakiika kwa baba mmoja Munyankore mwenye ng'ombe wawili na maneno machache. Siku ya mapumziko hamu ya ule mkate ikanishika. Nikaona hakuna taabu, Mbarara bia imejaa madukani. Nikanunua chupa moja, nikaificha ndani ya shati kama mwizi nisionwe na mtu wa kanisa, nikakanda vilevile, nikaweka juani vilevile. Saa zikapita, donge likanitazama tu. Nikaoka hivyohivyo. Baba mwenye nyumba akaja kwa harufu, nikampa kipande, akakigonga kwenye nguzo ya mlango.

"Ssebo, hii si mugaati," akasema, yaani bwana, huu si mkate. "Hii ni tofali. Wewe najenga nyumba?"

Ng'ombe wake ndio walioula. Kazini nikamuuliza mwokaji mkubwa, akanicheka. Bia ya chupa, akasema, imechujwa na kuchemshwa, ndani yake hakuna kilicho hai. Ukiitaka iumue lazima uisaidie kwa hamira ya unga. Nilijaribu hivyo baadaye na mkate ukatoka mzuri, mwepesi, wa kuuza. Lakini ule uchachu unaokuja mwishoni haukuja. Kwa hiyo kila wiki mbili nikawa napanda gari kurudi Nakivale na dumu dogo la lita tatu, na kifuniko chake nilikitoboa kwa msumari, kwa sababu safari ya kwanza kilirukia dari la gari na abiria wote wakalala chini.

Dumu lile ndilo lililonirudisha muda mrefu kuliko kitu kingine chochote. Nisingekuwa nalo, ningeishia Mbarara na kupotea kama nilivyopotea kwingine. Yaya alijua. "Wewe unakuja kuona levire, si mimi," alikuwa akisema, akinikatia kipande.

Kisha nikapata kazi Jinja, ya kudumu, na baada ya Jinja nilishajua kutakuwa na pengine. Nilijua sitarudi kuishi. Nikaja kwa yaya mara ya mwisho, begi langu likawa tayari tangu Jumatano, na gari la kwanza la kwenda Mbarara hupita kabla watu hawajaamka. Naikumbuka vizuri asubuhi hiyo ya Alhamisi, nimekaa kitandani viatu vimefungwa, nikisikia gari linapiga honi barabarani. Lilipiga mara tatu. Nikaliacha likaondoka. Nikavua viatu.

Kulipopambazuka nikawaambia wote wawili kwamba naondoka. Yaya akasema "We naye." Koko akasema, "Basi kuna kazi," akaenda kuleta kibuyu.

Walikanda wao. Mimi walinikalisha kwenye kigoda kama mgeni, nikatazama mikono minne kwenye beseni moja, na ilikuwa siku nzuri, yenye jua la kuumua. Mkate ulipotoka, koko alinisimamisha katikati ya uwanja wake, begi mgongoni. Akamega kipande, akala kwanza yeye mbele yangu, akameza, akanipa kilichobaki mkononi mwake.

"Sina mkuki, koko," nikasema.

"Unao. Tafuna."

Nikatafuna nimesimama. Kilikuwa cha moto, na uchachu ukaja mwishoni, mahali pake. Nikawashika mkono wote wawili, nikasema kwaheri, neno ambalo lilinitoka kwa shida kama la lugha ngeni. Wakanifungia nusu ya mkate kwenye kile kitambaa.

Nilishika njia fupi, nikapita bomba, nikapanda kuelekea barabarani. Kabla ya kufika juu nikawasikia nyuma yangu.

"Chumvi ulitia nyingi, mama wa kwaya."

"Mimi? Ni ile pombe yako iko kali!"

"Oya! Pombe yangu ina miaka mingi kuliko wewe."

Niligeuka kupunga mkono. Hawakuniona. Walikuwa wameinama wote wawili juu ya sufuria, wanaonja makombo, wakibishana, na kuku wakiwazunguka miguuni.